DAWA ZINAPOKUTANA NDANI YA MWILI

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za watu wetu kuna mahali pa dawa. Pengine ni mkebe wa zamani wa maziwa, pengine ni mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Ndani yake mna vidonge vinne vya malaria vilivyobaki mwaka jana, kapsuli mbili za rangi mbili, chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto iliyoganda mdomoni, na karatasi yenye vidonge vyeupe ambavyo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka ni vya nini. Kama wewe una mkebe wa namna hiyo, habari hii ni yako. Usiutupe. Soma kwanza.

Watu wengi hufikiri kwamba dawa ikimezwa hujua njia yake yenyewe. Ya kichwa hupanda kichwani, ya tumbo hubaki tumboni, ya malaria huenda kutafuta malaria. Sivyo. Dawa nyingi zikimezwa hupita tumboni zikaingia katika damu, na damu huzipeleka kila mahali: kwenye moyo, kwenye ubongo, kwenye figo, hata kwa mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ukimeza dawa tatu kwa magonjwa matatu, zote tatu zinatembea katika damu ileile, saa zilezile. Huko ndiko zinakokutana. Mara nyingi hupitana kwa amani. Lakini ziko zinazozidishiana nguvu mpaka kumdhuru mtu, na ziko ambazo moja huondoa kazi ya mwenzake, mgonjwa akabaki akimeza kila siku kitu kisichomsaidia.

Waganga na wauguzi wamejifunza mengi ya habari hizo, na yale wasiyoyakumbuka wana vitabu vya kuyatazama. Lakini hakuna mtu anayeweza kutazama kitabuni dawa ambayo hakuambiwa.

NENO KININI

Tuanze na jambo linaloonekana dogo, yaani jina. Huku kwetu Congo watu wengi huita kidonge chochote kinini. Jina hilo lilitoka kwa dawa moja tu, ile chungu ya malaria iliyopatikana kwanza katika ganda la mti wa sinkona. Sasa limekuwa jina la vidonge vyote. Basi mgonjwa anafika hospitalini, na mwuguzi anamwuliza:

"Baba, umemeza dawa gani nyumbani?"

"Nilimeza kinini, mwanangu. Viwili jana, viwili leo asubuhi."

"Kinini cha namna gani, Baba?"

"Cheupe."

Ndugu, vidonge vyeupe ni vingi mno! Parasetamoli ni nyeupe. Bactrim ni nyeupe. Dawa za presha nyingi ni nyeupe, na za kifafa vilevile. Baba huyu amesema kweli, wala hakukusudia kuficha neno, lakini mwuguzi hajapata kitu. Inambidi akisie.

Na tuone kukisia kunavyoweza kuleta shida. Tuseme baba huyu siku mbili zilizopita alinunua sokoni ile dawa ya malaria ya siku tatu, yenye artemeteri na lumefantrini. Alimeza mara mbili, homa haikushuka, akaiacha. Sasa amezidiwa. Dawa inayotangulia kwa malaria kali siku hizi ni shindano la artesunati, lakini siku hiyo imekwisha katika stoo, naye anatiwa kinini halisi katika serumu. Kinini halisi huweza kushusha sukari ya damu na kubadili mwendo wa mapigo ya moyo. Lumefantrini nayo ni mojawapo ya dawa zinazoweza kugusa mapigo ya moyo. Na kwa sababu anakohoa, anaongezewa eritromisini, ambayo pia hugusa mapigo hayo. Dawa tatu zinavuta kamba moja, na aliyeziandika mbili hajui habari ya ile ya kwanza. Angalijua, angalichagua nyingine ya kikohozi, au angalimkalia mgonjwa karibu na kumpima moyo na sukari mara kwa mara.

Kwa hiyo, hata kama hujui kusoma, usitupe karatasi wala boksi dawa ilimotoka. Jina limeandikwa hapo. Lete karatasi yenyewe. Kipande kilichokatwa kwa mkasi na mwuzaji wa barabarani mara nyingi hakina jina, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutonunua vidonge vya kukatwakatwa.

DAWA NYEKUNDU YA KIFUA KIKUU

Katika dawa zote ambazo watu wetu hupewa, ni vigumu kupata moja inayogombana na wenzake kama rifampisini, ile inayotumika kuponya kifua kikuu. Inafaa tukae hapa kidogo, maana kifua kikuu kiko vijijini mwetu, na matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Miezi 6 ni mingi. Ndani yake mtu atapata malaria, ataumwa jino, mama atataka kupanga uzazi.

Chini ya mbavu zako za kuume kuna ini. Ini ni kama kiwanja cha kazi chenye wafanyakazi wengi, na kazi yao mojawapo ni kuvunjavunja dawa zinazopita katika damu ili zitoke mwilini. Ndiyo maana dawa humezwa tena asubuhi na jioni: ile ya kwanza imekwisha kuvunjwa. Mganga anapoandika kidonge kimoja au viwili, amehesabu ini la kawaida lenye wafanyakazi wa kawaida.

Sasa rifampisini ikiingia kila siku, ini huongeza wafanyakazi. Haitokei siku moja. Baada ya wiki moja au mbili kiwanja kimejaa watu wenye mashoka. Nao hawachagui. Wanavunja dawa nyingine nyingi upesi kuliko ilivyohesabiwa. Mgonjwa anameza kama alivyoagizwa, hakosi hata siku moja, lakini damuni dawa ni kidogo mno.

Dawa zipi? Ya kwanza ni ya virusi vya ukimwi, yaani sida. Siku hizi wagonjwa wengi wa sida hupewa dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku, ndani ya kidonge kimoja pamoja na dawa nyingine mbili. Mtu huyo akianza rifampisini, miligramu 50 kwa siku hazitoshi. Anahitaji kuongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza, siku zote za matibabu ya kifua kikuu na wiki mbili zaidi baada ya kumaliza, maana wale wafanyakazi wa ini hawaondoki siku ileile. Jambo ni rahisi. Kidonge kimoja tu cha kuongeza. Lakini nani atakiongeza, kama mwuguzi wa kifua kikuu hajui kwamba mtu huyu anapokea dawa ya sida katika hospitali nyingine, mbali, mahali asipojulikana?

Hapa tunagusa aibu, na afadhali tuiseme waziwazi. Wako ndugu zetu wanaoamka usiku na kuvuka mto kwenda kupokea dawa ya sida katika mji mwingine, ili mwimbaji mwenzao au jirani asiwaone. Hatuwalaumu, maneno ya watu yanauma. Lakini dawa hazijui kufichana. Mtu akificha kwa mwuguzi, virusi vinapata nafasi ya kuamka, na vikiamka mbele ya dawa iliyopungua nguvu huweza kujifunza kuishinda. Basi kama chumba cha kupokelea wagonjwa kimejaa watu, sema tu, "Mama, nina neno la pembeni." Mwuguzi mwenye akili atakutoa nje au atafunga mlango. Habari za mgonjwa ni siri ya kazi, na anayezitoa nje amevunja sheria ya kazi yake. Una haki ya kumpeleka mbele ya mkubwa wake.

Siri nyingine ni ya wamama. Wako waliowekewa kijiti cha kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono, au wanaomeza vidonge vya uzazi, na hata bwana zao hawajui. Rifampisini huharibu nguvu za vitu hivyo viwili. Mama anajiona salama, kumbe amepata mimba katikati ya matibabu, naye ni mdhaifu na anakohoa bado. Shindano la miezi mitatu halisumbuliwi namna hiyo, tena kuna njia nyingine. Mama, mwambie mwuguzi. Hana haja ya kumwita bwana yako ili akubadilishie njia. Na baada ya rifampisini kwisha, ungoje mwezi mmoja kabla ya kutegemea tena kijiti au vidonge peke yake.

Dawa ya malaria nayo imo. Ile ya artemeteri na lumefantrini hupungua sana katika damu ya mtu anayemeza rifampisini. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu akipata homa asijinunulie dawa sokoni na kulala. Aje apimwe, na arudi kutazamwa hata kama homa imeshuka.

Sisemi haya ili mtu aogope rifampisini na kuiacha. Hasha! Dawa hii imeokoa watu wasiohesabika, na anayeiacha katikati huweza kurudi na kifua kikuu kigumu kuliko cha kwanza. Mkojo wake, machozi na jasho hugeuka rangi kama ya chungwa au nyekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, wala haina hatari. Watu wameacha matibabu kwa sababu ya rangi hiyo tu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema.

Fenobarbitali, dawa ya kifafa, hufanya kazi kama hiyo katika ini, ingawa watu hawaisemi sana. Mama mwenye kifafa anayemeza vidonge vya uzazi aulize.

Ziko pia dawa zinazofanya kinyume: dawa ya pili huzuia ile ya kwanza isivunjwe wala kutoka, nayo inazidi kujikusanya. Mtu wa kisukari anayemeza glibenklamidi akapewa Bactrim kwa kuharisha au kwa kidonda, sukari yake yaweza kushuka ghafula: jasho jembamba, kutetemeka, maneno yasiyo na mpango. Watu wa nyumbani hudhani amelewa au amerogwa. Mpe maji ya sukari upesi kama anaweza kumeza, kisha mlete. Kwa namna ileile, mtu wa kifafa anayemeza fenitoini akianzishwa izoniazidi ya kifua kikuu anaweza kuanza kuyumba na kuona vitu viwili viwili, kwa sababu fenitoini imejaa damuni kupita kipimo.

UKOO MMOJA, MAJINA MENGI

Mama amerudi shambani, mgongo unamwuma. Farmasia ya kwanza wamempa diklofenaki. Haikutosha, na kesho yake jirani akampa ibuprofeni. Siku ya tatu amekwenda kwa mtu anayepiga mashindano nyumbani, naye amempiga shindano, la nini? La diklofenaki. Usiku anameza aspirini kwa kichwa. Mama huyu anadhani amejaribu dawa nne. La, amemeza ukoo mmoja kwa majina matatu, na moja ya hizo mara mbili.

Ukoo huo hupunguza maumivu kweli, lakini unachubua tumbo ndani mpaka kutoka damu, unabana figo, na kwa mwenye presha unaipandisha na kupingana na dawa zake za presha. Mama mjamzito asiutumie pasipo mganga, hasa katika miezi ya mwisho, maana humdhuru mtoto moyoni na katika figo. Choo kikiwa cheusi, cha kunata kama lami, baada ya dawa hizo, ni damu. Usingoje asubuhi. (Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo huleta choo cheusi, na hicho si kitu cha kuogopa. Ona jinsi ilivyo lazima kujua umemeza nini!)

Tena kuna dawa za kunenepesha. Nazisema hapa kwa sababu zinauzwa sokoni pamoja na sabuni na mafuta ya ngozi, na wasichana wetu wanazitafuta kabla ya arusi. Nyingi zina deksametazoni. Ni dawa ya nguvu, yenye kazi njema mkononi mwa mganga. Lakini msichana anayeimeza kila siku ili ajae mashavu anapandisha sukari na presha, na mwili wake unapungukiwa nguvu ya kupigana na magonjwa. Akiongeza diklofenaki juu yake, hatari ya kidonda cha tumbo kinachotoka damu inakuwa kubwa kuliko ya kila moja peke yake. Na aliyeimeza kwa miezi asiikate kwa siku moja, maana mwili umesahau kujitengenezea kitu hicho, naye anaweza kuzimia. Aje apunguziwe polepole.

Parasetamoli haimo katika ukoo ule. Ndiyo dawa ya maumivu iliyo salama kwa wengi. Lakini nayo ina mpaka: mtu mzima mwenye afya asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na aliyekonda sana au anayekunywa lutuku na kanyanga apewe kidogo zaidi. Kumbuka kwamba parasetamoli imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua, na hata ndani ya vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na diklofenaki. Anayemeza viwili vya hivi na viwili vya vile mara nne kwa siku amekwisha kuvuka mpaka bila kujua. Ini hufa kimya. Siku ya kwanza na ya pili mtu anaweza kuonekana mzima.

HABARI YA ITURI

Kuna jambo lingine lililo baya kuliko hayo, nalo halitokani na mgonjwa. Kuanzia mwezi wa Desemba 2014, katika Ituri, watu walianza kuletwa hospitalini shingo zimepinda, nyuso zimekazana, ulimi unatoka nje, wasiweze kuurudisha. Wengi walikuwa watoto wadogo. Shingo ikikauka, kila mganga huwaza kwanza ugonjwa wa uti wa mgongo, yaani menenjiti, kwa kuwa unaua upesi. Wakachomwa mgongoni, maji yakapimwa. Menenjiti haikuonekana. Wagonjwa waliendelea kuja mwaka 2015, wakapita 1,000, na wako waliokufa.

Mwisho mkojo wa wagonjwa na vidonge walivyokuwa wamemeza vilipelekwa kwenye maabara. Vidonge viliandikwa diazepamu. Ndani yake hamkuwa na diazepamu, bali haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo ikizidi, hasa kwa mtoto, hukaza misuli ya uso na shingo namna ileile. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi za Afrika ya Kati mwaka huohuo wa 2015.

Angalia hapo mambo mawili. La kwanza, vidonge vilipatikana kuwa vibaya kwa sababu vilikuwapo vya kupima. Kama kila mtu angalikuwa amemeza vyote na kutupa boksi, waganga wangeliendelea kutafuta ugonjwa usiokuwapo. La pili, diazepamu yenyewe, hata iliyo ya kweli, si dawa ya homa wala ya mtoto anayelia usiku. Ni dawa ya degedege, ya kukaza kwa misuli na ya hofu kali, kwa kipimo cha mganga. Ikichanganywa na pombe, au na fenobarbitali, au na dawa kali za maumivu kama tramadoli, huweza kuzima pumzi usingizini. Kasiksi inayonywewa kwa utulivu nyumbani ni pombe vilevile.

DAWA ZA MITI

Mtu akiulizwa habari za dawa za miti hospitalini, mara nyingi hutazama chini na kusema, "Hapana, hakuna." Anaogopa kukemewa. Na kweli, wako wauguzi wanaokemea, nao hawafanyi vema, maana mgonjwa aliyekemewa mara moja hatasema tena maisha yake yote.

Miti ina nguvu. Kinini kilitoka katika mti, na artemisinini, inayotumika kutengeneza dawa za malaria za leo, ilitoka katika jani la Kichina. Kwa sababu ina nguvu, inaweza kugombana na dawa za hospitali kama nyingine yoyote. Shida yake ni kipimo. Chungu kimoja kilichochemshwa leo si sawa na cha juzi. Mizizi ya mwezi wa mvua si sawa na ya kiangazi. Tena miti mingine huumiza ini na figo, na mtu wa kifua kikuu tayari ana dawa tatu zinazolitesa ini lake. Akiongeza kikombe cha mizizi kila jioni, na macho yake yakageuka manjano, mganga atasimamisha dawa ipi? Hajui. Atalazimika kusimamisha zote, na kifua kikuu kitaendelea kula mapafu.

Hatari kubwa ni dawa ya miti inayotiwa kwa bomba kwa njia ya nyuma, hasa kwa watoto wadogo. Mtoto anayeharisha hana maji ya kupoteza. Kama imekwisha kufanyika, sema mapema ukifika, kabla hajatiwa serumu wala shindano. Usingoje kuulizwa.

Vyakula havina shida nyingi. Dawa ya malaria ya siku tatu hushika vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa. Doksisiklini na sipro hazipendi kukutana tumboni na vidonge vya madini ya chuma, wala dawa ya kiungulia. Hushikamana nazo zikatoka chooni bila kazi, kwa hiyo zipishane saa kadhaa. Dolutegraviri pia: mama mjamzito anayepewa dolutegraviri na madini ya chuma anaweza kuzimeza pamoja wakati wa kula, au ameze dolutegraviri saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake. Dawa ya kiungulia yenye magnesi au aluminiamu ifuate saa hizohizo, hata kama amekula.

NINI SI KITU, NINI NI HATARI

Dawa nyingi huleta usumbufu mdogo unaopita. Masikio yanayolia baada ya kinini halisi, ulegevu wa siku mbili baada ya amodiakini, kichefuchefu cha wiki ya kwanza ya dawa za kifua kikuu: mwambie mwuguzi, lakini usiache dawa kwa ajili ya hayo. Miguu inayowaka moto kama pilipili kwa mtu anayemeza izoniazidi ina dawa yake, vitamini B6, tena ya bei ndogo.

Lakini ukiona macho ya manjano, simama na uje siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtu anayemeza etambutoli akianza kuona rangi nyekundu na ya kijani zimechanganyikana, au maandishi yameingia ukungu. Na la kukimbiza kuliko yote ni ngozi: vipele vyenye malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu yanayowaka, ngozi inayobanduka. Bactrim yaweza kuleta hayo, na nevirapini, na Fansidar. Usimeze kidonge kingine hata kimoja. Njoo usiku, njoo na mvua. Akishapona, jina la dawa hiyo liandikwe kwa wino mwekundu juu ya fishi yake, na watu wote wa nyumbani walijue, maana safari ya pili yaweza kumwua. Hivyo hivyo kwa mtu aliyevimba uso au kukosa pumzi baada ya penisilini.

MKEBE WAKO

Sasa chukua ule mkebe. Utie ndani kila kitu: vidonge, chupa, kijiko cha kupimia, kiunga cha mizizi kama kipo, hata boksi tupu. Kama una kijiti mkononi au unapigwa shindano la uzazi, weka kijiwe kidogo ndani ili ukumbuke kusema. Siku ya kwenda hospitalini, uende nao. Ukiogopa kusahau majina, usijali. Mkebe utasema kwa niaba yako.

Mwuguzi atamwaga vitu vyote mezani na kuviuliza kimoja kimoja. Vilivyopitwa na tarehe na visivyo na jina atabaki navyo, visirudi nyumbani kuchezewa na watoto. Vile vinavyofaa atavifunga kila kimoja peke yake na kuandika juu yake: jina, cha nani, vingapi, saa ngapi, mpaka siku gani. Kisha mwombe akuandikie majina hayo yote katika karatasi moja. Karatasi hiyo ikunjwe pamoja na fishi yako, ndani ya plastiki ili mvua isiifute. Ukipanda gari kwenda kumtazama jamaa Bunia au Goma, isibaki nyumbani. Na mtu mwingine yeyote atakayetaka kukuuzia dawa au kukupiga shindano, mwonyeshe hiyo kabla hujafungua mdomo.